Masomo Matatu Hayamfanyi Mtoto Daktari

Hapa Nairobi, kuanzia Kawangware hadi Waithaka, wazazi wa watoto wa Gredi ya 9 wana wimbo mmoja: jaza mkondo wa STEM, yaani wa sayansi, chukua fizikia, kemia na biolojia, udaktari utajileta wenyewe. Wimbo huu umepamba moto tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 liingie sekondari pevu Januari 2026. Mzazi anayesita huambiwa anamfungia mtoto riziki.

Huo ni upotoshaji. Kwanza, sayansi zote tatu si sharti. Kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, KUCCPS, asasi inayowapanga wanafunzi vyuoni, hutazama masomo manne kwa shahada ya udaktari: biolojia, kemia, hisabati au fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. Mtoto anayeimudu hisabati na kuchukia fizikia hana sababu ya kuburutwa. Na wanaocheka Kiswahili kuwa ni somo la wasioweza sayansi wajue kwamba kimo kwenye hesabu hiyo hiyo ya udaktari.

Pili, na hapa ndipo penye donda, somo lililoandikwa kwenye fomu si somo lililofundishwa. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya kemia, ile ya maabara, hubeba alama 40 kati ya 100. Ya biolojia vivyo hivyo. Lakini mzazi akienda shuleni huuliza karo, sare na basi. Ni nani aliyewahi kuuliza bureti moja, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, hutumiwa na wanafunzi wangapi?

Bureti haikaririki. Asidi inashuka tone kwa tone, mkono wa pili unazungusha chupa yenye besi, na rangi ya waridi inatoweka kwa tone moja. Ukichelewa kufunga, umeharibu; mwaga, suuza, anza upya. Wanafunzi sita wakizunguka bureti moja, mmoja anafanya, watano wananakili. Shule nyingi hujifariji kwamba KNEC, baraza la mitihani, itatuma orodha ya vifaa na kemikali kabla ya mtihani, mwalimu atakisia maswali, nao watoto watakariri rangi na mashapo. Ila alama za usahihi wa vipimo hutolewa kwa kulinganisha matokeo ya mtahiniwa na ya mwalimu wake aliyetumia kemikali zile zile. Hapo mkariri atakariri nini?

Mtanijibu kwamba wapo waliokariri wakapita. Wapo. Kisha wanafika Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, wanakabidhiwa darubini ambayo hawajawahi kuirekebisha na maiti ya kupasua, na miaka sita ndiyo kwanza inaanza.

Mtasema pia maabara ni ghali. Vioo na kemikali ni ghali kweli, na serikali inayoruhusu shule isiyo na maabara kutangaza STEM inawauzia wazazi mbuzi kwenye gunia. Lakini umaskini si kisingizio cha kila kitu. Tunaishi karibu na vichinjio vya Dagoretti, vinavyolisha bucha nyingi tunazozijua. Figo la mbuzi, wembe mpya na sahani vinatosha kumwonyesha mtoto tabaka la nje, la ndani na mrija wa mkojo unapoanzia. Mwalimu anayechora figo ubaoni mwaka mzima huku nyama ikipita barabarani kila alfajiri hakukosa pesa. Alikosa nia, au alikosa mkuu wa shule wa kumsukuma.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua shule, nenda katikati ya wiki, masomo yakiendelea, uombe kuonyeshwa maabara. Fungua mfereji. Hesabu bureti, kisha uulize darasa lina watoto wangapi. Ukiambiwa ufunguo uko kwa mwalimu ambaye leo hakuja, ishushe shule hiyo hadi mkia wa orodha yako, hata kama inafundisha sayansi zote tatu.