Muuza Bunduki Naye Ana Dhima

Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki wasidaiwe fidia pindi silaha zao zinapotumiwa katika jinai. Watetezi wa sheria hiyo husema kwamba mwenye hatia ni aliyefyatua risasi, basi.

Hoja hiyo ni nusu ya haki. Mwezi Oktoba 2002 watu 10 waliuawa kwa risasi mjini Washington na vitongoji vyake. Bunduki iliyotumika ilitoka katika duka moja la Tacoma, magharibi mwa nchi hiyo, ambalo halikuwa na hati yoyote ya kuiuza. Mwaka 2004 duka hilo lilikubali kuwalipa wahanga na jamaa zao dola milioni 2. Je, nani atathubutu kusema kwamba walidai wasichostahili?

Ni kweli kwamba sheria ya 2005 imeacha mianya michache, kama vile kwa muuzaji aliyevunja sheria kwa makusudi. Lakini uzembe mwingi umebaki bila hakimu wa kuusikiliza.

Hatusemi muuzaji abebe kila dhambi ya mnunuzi. Tunasema ajibu kwa uzembe wake mwenyewe, kama anavyojibu muuza dawa anayetoa sumu bila kuuliza. Biashara ambayo faida yake ni ya tajiri na hasara yake ni ya yatima haiwezi kuitwa halali, hata ikilindwa na sheria.