Mlituomba kwa Kiswahili, Tujibuni kwa Kiswahili

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na wakuu wa taasisi za utafiti nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Hongereni kwa kuwatuza watafiti wetu wanaochapisha kazi zao katika majarida makubwa ya kimataifa. Wanastahili, na tumechelewa. Lakini tuzo hiyo inapima jambo moja tu: kwamba mtafiti amesomwa na watafiti wenzake. Nani anapima kama amesikika kule alikochukua takwimu zake?

Chukueni kazi ya kukamata mbu wa utafiti wa malaria katika Bonde la Kilombero. Usiku kijana wa kijijini huketi, suruali ameikunja hadi magotini, tochi mkono mmoja, mrija wa kufyonzea mkono wa pili. Mbu akitua mguuni humwahi kabla hajauma, akampuliza ndani ya kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua. Kila saa na kikombe chake. Kabla ya hapo alisomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, aya kwa aya, akaulizwa kama ameelewa, ndipo akaweka sahihi. Siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi. Upungufu wa istilahi huanza matokeo yakishapatikana.

Na matokeo yenyewe si madogo. Mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulianza kusambaza vyandarua vya Zuia Mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Huko Bagamoyo, Dk. Salim Abdulla na wenzake waliijaribu chanjo ya malaria kwa watoto wachanga na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Jaribio kubwa lililofuata lilihusisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Watoto wale sasa ni vijana. Wangapi kati yao wameambiwa, kwa lugha ya nyumbani kwao, kwamba sindano walizochomwa ndizo zilizoifungulia njia chanjo hiyo?

Mtaniambia mikutano ya mrejesho ipo. Ipo, na mingine tumeihudhuria: mgeni rasmi kachelewa, posho zimegawiwa, slaidi ni za Kiingereza, picha ya pamoja, kwaherini.

Tunachoomba si kigumu. Kibali cha utafiti kiwe na sharti: kazi ikiisha, kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, zibandikwe ofisi ya kijiji na zahanati, na gharama yake iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Mtafiti asiyetimiza asipewe kibali kingine. Wakamata mbu na mafundi wa maabara nao waitwe jukwaani siku ya tuzo, kwa majina yao.

Halafu ongezeni tuzo moja, ya mtafiti aliyewaeleza wananchi vizuri zaidi. Majaji wake wasiwe maprofesa. Wawe wenyeviti wa vijiji alikofanyia utafiti.