Fundi Asiyeandika

Nina ugomvi na mafundi wa kompyuta wa mji wetu, nami nitausema waziwazi ili wajibu wakitaka. Si ugomvi wa bei, wala wa kucheleweshewa kazi. Ugomvi wangu ni kwamba hawaandiki. Wakishatengeneza huondoka na ujuzi wote kichwani, na mwenye mashine hubaki na kompyuta inayowaka leo, asijue la kufanya siku itakapogoma.

Nichukue mfano mmoja tu: programu ndogo iamshayo kompyuta. Ukibonyeza swichi, mfumo mkubwa hauamki wenyewe. Hutangulia programu ndogo, ikatafuta kiini cha mfumo ndani ya diski, ikakipakia kwenye kumbukumbu, kisha ikakiachia kazi. Hapa nitaiita kiamshi. Katika kompyuta nyingi za Linux, mfumo ambao watu wa kipato kidogo huupenda kwa kuwa unapatikana bila ada ya leseni, kiamshi hicho ni GRUB. Kilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, kikaingia katika mradi wa GNU mwaka 1999. Kina menyu ya kuchagua mfumo, na kina amri ambazo mtu anaweza kuzipanga ndani ya faili zikatekelezwa moja baada ya nyingine.

Sasa umeme ukatike katikati ya kusasisha mfumo, au mtu aguse migawanyo ya diski bila kujua. Menyu haitokei. Kioo huwa cheusi, na kinachosubiri amri ni maneno mawili tu: grub rescue. Mwenye mashine huona kazi zake zote zimekufa: matokeo ya mitihani, hesabu za wavuvi wa dagaa, barua za miaka mitano. Aghalabu hakuna kilichokufa. Kiamshi kimepotea njia tu. Amri ya ls humwonyesha mtu diski na migawanyo yake. Akiupata mgawanyo wenye folda ya /boot/grub, mathalani (hd0,msdos1), huandika set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub, kisha insmod normal, kisha normal. Kama faili za kiamshi bado zipo, menyu hurudi. Mfumo ukishaamka, grub-install hurekebisha jambo hilo moja kwa moja. Kwa kukosa mistari minne, mtu wa Kalya, kusini kabisa mwa mwambao, apande boti na kompyuta mapajani mpaka Kigoma, akalipie fumbo lisilo fumbo!

Watanijibu kwamba karatasi zipo. Naam, nimeziona zimebandikwa ukutani: amri tupu, bila tarehe, bila sababu. Karatasi ya namna hiyo ni hirizi, si maelekezo. GRUB ya zamani ilihesabu migawanyo ya diski kuanzia 0. GRUB 2 huihesabu kuanzia 1. Ya zamani ilipakia kiini kwa amri ya kernel. Mpya hutumia linux. Zamani menyu ilihaririwa kwa mkono katika menu.lst, siku hizi grub.cfg hutungwa na programu, na ukiihariri kwa mkono, mabadiliko yako hufutika programu hiyo ikiendeshwa tena. Pa kubadilisha ni /etc/default/grub. Mwenye kuijua sababu atalibaini kosa na kujirekebisha. Mwenye hirizi ataandika mstari uleule mara kumi, mwishowe aiite kompyuta mbovu.

Wengine watasema Kiswahili hakiwezi mambo haya. La hasha! Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili. Tena hakuna anayedai amri zenyewe zibadilishwe. Zibaki kama zilivyo; linalotakiwa ni kueleza kila moja inafanya nini na kwa nini inatangulia nyingine. Wala hakuna kizuizi cha sheria, maana mwongozo wa GRUB umetolewa kwa leseni huru inayoruhusu kuunakili, kuutafsiri na hata kuuza nakala zake.

Hoja yao yenye uzito ni moja: "Nikiandika yote, nitakula nini?" Siidharau; tumbo halina likizo. Lakini diski zitaendelea kufa, vifaa vya umeme vitaendelea kuungua, na hivyo havitengenezwi kwa karatasi. Fundi ambaye riziki yake yote imesimama juu ya mistari minne hana ufundi, ana siri tu. Na siri hufa na mwenyewe, au huhama naye akienda kutafuta maisha Dar es Salaam.

Sisi wa Kigoma hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Meli ya Liemba ililetwa kutoka Papenburg, Ujerumani, katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Huenda mafundi wale walitumaini kurudi wao wenyewe. Grisi haikuuliza nani atarudi. Ikiwa watu walio vitani, wanaokimbia, walipata muda wa kumfikiria atakayekuja kuiwasha injini baada yao, fundi aliyeketi dukani na kalamu mfukoni ana udhuru gani?

Basi nasema hivi kwa wenye mashine. Dai karatasi moja, ikunjwe na kuwekwa pamoja na kompyuta: tarehe, toleo la kiamshi, mpango wa migawanyo ya diski yako, mistari ile minne, na sababu ya kila mstari kwa Kiswahili. Fundi asipoiandika, mlipe nusu. Kazi aliyoifanya ni nusu.