Mvutano kuhusu kinga za rafadha wazidi kuwaponza waogeleaji

RAFADHA ya kawaida ya boti ya starehe huwa na mapanga matatu. Injini inapoizungusha mara 3,200 kwa dakika, mapanga hayo hupita mahali pamoja mara 160 kwa kila sekunde. Hesabu hiyo, ambayo Walinzi wa Pwani wa Marekani wamekuwa wakiitumia kuwatahadharisha manahodha, inatosha kueleza ni kwa nini mtu anayeangukia nyuma ya boti huwa hapati hata fursa ya kupiga mayowe. Rafadha inaweza kumpitia kuanzia kichwani hadi nyayoni kabla hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha.

Kwa zaidi ya miongo mitatu, taifa hilo limekuwa likivutana kuhusu suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina ugumu wowote. Feni ya mezani huzungushiwa waya ili isiwakate watoto vidole. Mbona basi rafadha ya boti, iliyo na nguvu mara nyingi zaidi, iachwe uchi katika maji yale yale wanamoogelea watu?

Watengenezaji wa injini husema kwamba mfano huo unapotosha. Familia za waliopoteza viungo au maisha husema kwamba watengenezaji wanajali mauzo kuliko watu. Katikati yao wako wadhibiti wa serikali, ambao mara nyingi wameamua kutoamua.

Chimbuko la uamuzi huo wa kutoamua ni mwaka wa 1988, Walinzi wa Pwani walipoliomba Baraza la Kitaifa la Ushauri kuhusu Usalama wa Boti lichunguze suala la kinga. Kamati ndogo ya baraza hilo iliwasilisha ripoti mnamo Novemba 1989, ikipendekeza serikali isichukue hatua yoyote ya kuwalazimisha watengenezaji kuweka kinga. Mwaka uliofuata, Walinzi wa Pwani waliukubali ushauri huo. Sababu walizotoa ni kwamba takwimu za ajali zilizokuwapo hazikutosha kuhalalisha kanuni ya aina hiyo, kwamba haikujulikana iwapo ipo kinga moja inayoweza kuifaa kila boti katika kila hali, na kwamba kuzifunga kinga boti zote zilizokuwa tayari majini kungegharimu fedha nyingi mno.

Ni haki kukiri kwamba hoja za kiufundi za watengenezaji si porojo. Kinga, iwe ni pete inayoizunguka rafadha au kizimba kamili cha vyuma, huongeza ukubwa wa kifaa kinachokokotwa majini. Boti inapojikokota polepole, tofauti hiyo haisikiki sana, na zipo pete ambazo hata huiongezea rafadha nguvu ya kusukuma. Mwendo unapopita takriban kilomita 16 kwa saa, mambo hubadilika. Maji huanza kuisukuma kinga kwa nguvu, usukani ukawa mzito, mafuta yakateketea zaidi, na boti ikaweza kumponyoka nahodha katika kona.

Isitoshe, kuna suala la kugongwa. Mtu anayepigwa na chuma kipana kinachokwenda kasi huenda asikatwe lakini akavunjwa fuvu au mbavu. Anaweza pia kunaswa mkono au mguu kati ya kinga na mapanga.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana hata kwa wanyama. Katika jimbo la Florida anaishi mnyama wa majini aliye jamaa wa karibu wa nguva, yule anayejulikana na wavuvi wa Lamu na Kiunga. Watafiti wa huko wamezoea kuwatambua wanyama hao mmoja mmoja kwa makovu ya rafadha yaliyo migongoni mwao. Hata hivyo, mizoga inapopasuliwa, hubainika kuwa wengi wa wale waliouawa na boti walikufa kwa pigo la boti yenyewe, wala si kwa majeraha ya mapanga. Ndiyo maana juhudi za kuwanusuru zimejikita zaidi katika kutenga maeneo ambamo boti zote hulazimika kupunguza mwendo.

Vivyo hivyo, mwimbaji wa Uingereza Kirsty MacColl alipouawa na boti ya kasi huko Cozumel, Mexico, mnamo Desemba 18, 2000, kinga huenda isingefua dafu. Alikuwa akiibuka kutoka kupiga mbizi pamoja na wanawe, na aliwahi kumsukuma mmoja wao kutoka njia ya boti kabla ya yeye mwenyewe kugongwa. Eneo hilo lilikuwa limetengewa wapiga mbizi, na boti hiyo haikustahili kuwa hapo kamwe. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba mpaka uliowekwa unaheshimiwa.

Tatizo ni kwamba hoja hizo za mwendo wa kasi zimetumiwa kuzima mjadala kuhusu ajali za mwendo wa kobe. Ajali nyingi zinazozua malalamiko hazihusiani na boti zinazopaa juu ya mawimbi. Huhusu boti iliyosimama karibu na waogeleaji, kisha nahodha akawasha injini bila kutazama shetri. Huhusu boti inayorudi kinyumenyume kumchukua mtu aliyekuwa akivutwa kwa kamba, au mtoto anayeteleza kutoka nyuma wakati injini ingali inanguruma. Katika mazingira hayo, sababu ya kuikataa kinga kwa kuwa inaharibu mwendo wa kasi haina mashiko, kwani hakuna kasi ya kuharibiwa.

Mahakama nazo zilichukua muda kuitambua tofauti hiyo. Mwaka wa 1990 mahakama moja ya rufaa nchini humo ilibatilisha ushindi ambao mlalamishi alikuwa amepewa na baraza la wazee wa mahakama dhidi ya mtengenezaji, ikishikilia kwamba hatari ya rafadha iko bayana kwa kila mtu. Lakini iko bayana kwa nani? Aliye majini haioni rafadha iliyozama, na aliyeshika usukani mara nyingi hawezi kumwona aliye majini nyuma yake.

Kisha ikaja kesi iliyotikisa msimamo huo. Mnamo Julai 1995, mwanamke mmoja alianguka kutoka kwa boti ya futi 17 katika ziwa lililo kwenye mpaka wa majimbo ya Kentucky na Tennessee. Boti hiyo ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 115 iliyopachikwa nyuma, na rafadha isiyo na kinga ikamgonga akafariki. Mumewe alishtaki katika mahakama za jimbo la Illinois, akidai kwamba injini isiyo na kinga ni bidhaa yenye kasoro.

Kampuni iliyoitengeneza haikujishughulisha sana kuthibitisha kwamba injini yake ilikuwa salama. Ilijitetea kwa kusema kwamba Sheria ya Usalama wa Boti ya 1971 iliwapa wadhibiti wa kitaifa mamlaka juu ya suala hilo, nao walikuwa wameamua mnamo 1990 kutoilazimisha kampuni yoyote kuweka kinga. Kwa hivyo, ilidai, hakuna mahakama ya jimbo iliyo na idhini ya kuuliza zaidi. Mahakama za Illinois, kuanzia ya chini hadi ya juu kabisa ya jimbo, ziliukubali utetezi huo.

Mnamo Desemba 3, 2002, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikosoa zote kwa kauli moja. Katika uamuzi wa kesi hiyo, Sprietsma dhidi ya Mercury Marine, ulioandikwa na Jaji John Paul Stevens, mahakama ilisema kwamba mdhibiti anapokataa kutunga kanuni, haimaanishi kwamba amemkataza mtu yeyote kudai fidia. Sheria ya 1971 yenyewe ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba kutimiza matakwa yake hakumwondolei mtu dhima nyingine. Kilichokuwa na uzito zaidi ni kwamba mawakili wa serikali, wakiungwa mkono na Walinzi wa Pwani, waliieleza mahakama kwamba uamuzi wa 1990 haukunuiwa kuwakinga watengenezaji dhidi ya kesi.

Uamuzi huo haukutamka kwamba kila boti iwekwe kinga, na ni kosa kuunukuu hivyo, kama wanavyofanya baadhi ya wanaharakati. Uliwafungulia mlango waathiriwa tu. Wengine waliopitia mlango huo wameshindwa, na wachache wameshinda. Mnamo 2010, wazee wa mahakama huko Austin, Texas, walisikiza kesi ya kijana aliyepoteza mguu mwaka wa 2005 boti ilipomrudia kinyumenyume. Waliamua kwamba kampuni ilistahili kubeba asilimia 66 ya lawama, huku dereva na kijana mwenyewe wakigawana iliyosalia. Fidia yote ilikadiriwa kuwa dola milioni 3.8.

Mgawanyo huo wa lawama unastahili kutazamwa kwa makini kuliko fedha zenyewe. Watu wa kawaida waliosikiza pande zote mbili hawakusema kwamba dereva hana makosa, wala kwamba aliyeumia alikuwa malaika. Waliona tu kwamba aliyetengeneza chombo hawezi kuketi kando wakati wengine wote wakilaumiwa.

Iwapo kulikuwa na wakati wa serikali kufuata mkondo huo wa busara, ulikuwa kati ya 2001 na 2007. Mnamo Desemba 2001, Walinzi wa Pwani walitoa pendekezo lililohusu nyumba za kuelea, yaani zile boti kubwa za polepole ambazo familia hukodi kwenda likizo ziwani. Wengi wanaozikodi hawajawahi kuongoza chombo cha majini maishani mwao, na watoto hutumia shetri kama kidimbwi cha kuogelea. Mwenye boti angetakiwa kuweka kinga ya rafadha. Kama hakutaka, angeweka vifaa vitatu kwa pamoja: swichi inayozuia injini kuwaka ngazi ya kuogelea ikiwa imeteremshwa, kifaa cha kumwezesha nahodha kuona nyuma, na swichi ya kuzima injini kwa dharura.

Hapa hapakuwa na suala la kasi, kwani boti hizo hazina kasi. Hapakuwa na kulazimishwa kununua kinga ya aina moja, kwani njia mbadala ilitolewa. Hata hivyo, baada ya malalamishi ya wadau, miongoni mwayo yakiwa ya gharama, pendekezo hilo lilitupwa kapuni mnamo 2007. Katika historia yote ya mvutano huu, hiyo ndiyo hatua iliyo ngumu zaidi kutetewa.

Ufanisi uliopatikana tangu hapo umekuja kupitia njia nyingine. Tangu Aprili 1, 2021, sheria ya Marekani inamtaka anayeongoza boti iliyo chini ya futi 26 ajifunge kamba au kifaa kinachozima injini papo hapo akianguka, pindi boti inapokwenda kasi. Umuhimu wa kamba hiyo ulidhihirika kwa uchungu huko Padstow, Uingereza, mnamo Mei 2013. Familia ya watu sita ilirushwa majini, na kwa kuwa kamba haikuwa imefungwa, boti yao tupu iliendelea kuzunguka na kuwarudia. Baba na binti yake wa miaka minane walifariki, na wengine wakajeruhiwa.

Kamba ni rahisi, haipunguzi mwendo, na watengenezaji hawakuipinga kama walivyozipinga kinga. Lakini kamba humlinda anayeanguka pamoja na nahodha, au nahodha mwenyewe. Haimsaidii kwa lolote mwogeleaji aliye nyuma ya boti ambayo nahodha wake ameketi imara kwenye usukani akirudi nyuma. Huyo bado anategemea macho ya mtu mwingine.

Mabishano haya si mageni kwa Wakenya. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alipoagiza mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu mnamo 2004, baadhi ya wenye magari walilia gharama na kusema vifaa hivyo havingefaa. Baadhi ya vifaa kweli vilichezewa, lakini hakuna aliyehitimisha kwamba abiria wa matatu hahitaji mkanda.

Injini zinazopachikwa nyuma ya boti katika kisiwa cha Lamu, Watamu, Wasini na fuo za Ziwa Victoria ni za aina hizo hizo zinazozozaniwa ng'ambo. Chombo kinapozama hapa nchini, maswali huwa kuhusu majaketi okozi na idadi ya abiria, na ni maswali ya lazima. Rafadha haitajwi sana, ilhali maeneo mengi boti za watalii huwateremsha wapiga mbizi na kuwapandisha palepale shetrini, injini ikiwa hatua chache kutoka miguuni mwao.

Halmashauri ya Huduma za Baharini (KMA) inayosimamia usalama wa vyombo, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichozinduliwa Novemba 2018, hazina haja ya kungoja Wamarekani wamalize ubishi wao kuhusu boti za kasi. Huko Australia, boti za mpira za waokoaji wa fuoni hufungwa kinga, kwa sababu kazi yao ni kuingia katikati ya watu walio majini. Boti inayowabeba wapiga mbizi hadi Kisite na kuwasubiri hufanya kazi isiyotofautiana sana na hiyo. Hata bila kinga, sharti la kuzima injini kabisa kabla mtu wa kwanza hajagusa maji, na kutoiwasha hadi wa mwisho ahesabiwe akiwa ndani, halimgharimu mwenye boti hata shilingi moja.