Tujifunze Uongozi: Mkuu wa Jeshi Aliyekuwa Waziri

Tuseme hapo Magoma, Wilaya ya Korogwe, mgambo mmoja anataka kuwa mwenyekiti wa kijiji. Ziko njia mbili. Anaweza kuingia mkutanoni na silaha na kusema, "Kuanzia leo mwenyekiti ni mimi." Au anaweza kuweka silaha chini, akangoja uchaguzi, akaomba kura zenu. Wewe ungependa njia ipi?

Nchi nazo hupita katika njia hizo mbili. Mwaka 1966, huko Afrika Magharibi, wanajeshi walitwaa serikali ya Nigeria mwezi Januari, na ya Ghana mwezi Februari. Maofisa wa jeshi wakawa watawala. Wananchi hawakuulizwa.

Hatari hiyo ilibisha hodi kwetu pia. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka nyongeza ya mshahara. Walitaka pia maofisa Waingereza waondoke. Uasi ukafika mpaka Tabora. Mwalimu Nyerere aliomba msaada wa Uingereza. Tarehe 25 Januari askari wa Kiingereza waliwanyang'anya waasi silaha, na jeshi lile likavunjwa.

Jeshi jipya, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lilianzishwa tarehe 1 Septemba, 1964. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mirisho Sarakikya, Mmeru kutoka Arusha. Alizaliwa mwaka 1934. Alisomea uofisa katika chuo cha Sandhurst, Uingereza. Alipopewa jeshi alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Aliliongoza kwa miaka 10.

Mwaka 1974 Rais aliteua mkuu mwingine, Abdallah Twalipo. Hebu fikiri kidogo. Bunduki na mizinga yote ilikuwa chini ya Sarakikya. Je, alikataa kuondoka? Hakukataa. Alikabidhi jeshi. Akawa Waziri wa Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliyezoea kuamrisha vikosi sasa alishughulika na mambo ya ngoma, michezo na vijana. Baadaye akawa balozi wetu nchi za nje. Twalipo naye alikabidhi jeshi mwaka 1980, akawa Waziri wa Ulinzi.

Kwa hiyo askari anaweza kuwa waziri, lakini kwa kupewa kazi hiyo kwa sheria. Mawaziri huteuliwa na Rais kutoka katika wabunge, na Rais huchaguliwa na wananchi. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, sheria iliwakataza wanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Luteni Kanali Jakaya Kikwete, aliyekuwa waziri wakati huo, aliacha jeshi akabaki katika siasa. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Rais kwa kura.

Ndugu msomaji, mlinzi wa shamba hupewa upinde awafukuze nguruwe na nyani. Hapewi upinde ili amfukuze mwenye shamba. Jeshi ni mlinzi. Mwenye shamba ni wewe. Basi usikose mkutano wa kijiji, na usikose kupiga kura. Shamba lisilotembelewa na mwenyewe, mlinzi huanza kuliita lake.

Jadilianeni:
1. Kwa nini askari wa Colito waliasi mwaka 1964?
2. Sarakikya alifanya nini alipotakiwa kuacha jeshi?
3. Katika kijiji chenu, nani humsimamia mgambo?