Si Kila Kifua Kinachobana ni Gesi

Ukweli usemwe: mimi nilienda kwa daktari wa Kichina kabla ya kwenda hospitali, na alinisaidia. Kwa hivyo sijakuja hapa kucheka mtu.

Ilikuwa mwaka ule niliacha chuo. Wazazi walikuwa hawajui bado. Nikila vijiko vitatu nahisi nimeshiba, tumbo limejaa, kifua kimebana kama mtu amekikalia. Mzee akanishika mkono mmoja, kisha ule mwingine, vidole vitatu juu ya mshipa. Akaniambia nitoe ulimi. Halafu akauliza, kupitia dada aliyekuwa akimtafsiria: "Kuna jambo gani unalimeza hulisemi?" Manze, nililia.

Kumbe hakuwa anabahatisha. Kwa tiba ya Kichina, mwilini kuna nguvu inayotembea, wanaiita chi, na ini ndilo linaisaidia kupita bila kukwama. Ini lao si lile tunaliona buchani tu. Hasira na mawazo pia ni kazi yake. Ukiweka mambo rohoni, chi inakwama. Ikisumbua tumbo, unajaa na kukosa hamu ya chakula. Ikikwama juu, kifua kinabana. Hata herufi yao ya hali hiyo, inayosomwa men, ni moyo uliochorwa ndani ya mlango. Niliiangalia nikaona ni mimi.

Na daktari wa hospitali hatakataa kwamba mawazo yanaweza kuvuruga tumbo na kubana kifua. Baadaye nilipimwa moyo, ukawa sawa. Lakini hiyo ilikuwa bahati yangu, nilifanya mambo kinyume.

Mjomba wangu hakuwa na bahati hiyo. Ni dereva wa lori, miaka hamsini na kitu. Alikuwa akipanda ngazi kifua kinakaza, jasho linamtoka, akipiga mbweu anasikia nafuu kidogo. Sisi wote tukasema ni asidi. Akanunua pakiti za dawa ya miti ya Kichina, muuzaji akamwambia ni chi imekwama, anywe wiki tatu. Hakumaliza. Alianguka akishusha mzigo, na hospitali wakatuambia ni moyo, na kwamba ulikuwa umeanza kulalamika kitambo. Yuko hai, lakini lori hawezi tena.

Kinachoniuma ni kwamba hata Wachina wenyewe hawakuchanganya haya mambo. Zhang Zhongjing, daktari wa enzi ya Han, karibu miaka 1,800 iliyopita, aliyaweka mbali. Kuna kujaa pale chini ya kifua bila maumivu. Na kuna ugonjwa mwingine kabisa, kifua kinauma mpaka mgongoni na pumzi inakatika. Majina tofauti, dawa tofauti. Sasa muuzaji wa pakiti, wewe uliuliza maswali mangapi kabla ya kuchukua pesa?

Najua kuna mtu atakuja na zile za "dawa za asili hazina madhara". Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake waliokunywa vidonge vya kupunguza uzito vyenye mti wa Kichina uliochanganywa kimakosa waliharibika figo. Mti ni dawa, na dawa ina nguvu.

Msimamo wangu ni huu: moyo upimwe kwanza, chai baadaye. Kifua kikibana ukatokwa na jasho, au maumivu yakienda mkononi, taya au mgongoni, au pumzi ikipungua, usichemshe kitu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Wakikuambia moyo uko sawa, basi nenda kwa mzee, akushike mkono, akuulize unachomeza. Hilo swali hospitali hawakuniuliza, na nilikuwa nalihitaji.

Leo jioni mpigie yule mtu wa kwenu anayetafuna dawa ya asidi kila siku. Muulize kifua kinabana akila au akitembea. Akisema akitembea, msingoje wikendi. Na hata akisema akila, bado apimwe.