Kaini Hazaliwi

Ndugu msomaji, liko neno moja ambalo wazazi wengi hulitamka nyumbani bila kulipima: "Huyu kweli ni damu ya baba yake." Mtoto akisifiwa kwa neno hilo, hufurahi. Akikaripiwa kwalo, hulibeba moyoni miaka mingi. Juma hili tunakifungua kitabu kilichoandikwa mbali sana na Kigali, lakini kinachouliza swali ambalo nchi yetu imelilipia kwa gharama kubwa: je, uovu hurithiwa au huchaguliwa?

Kitabu chenyewe ni East of Eden, yaani Mashariki ya Edeni, riwaya ya Mmarekani John Steinbeck iliyotolewa mwaka 1952. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1902 mjini Salinas, katika jimbo la California. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1962, akafariki mwaka 1968. Jina la riwaya limetoka katika sura ya nne ya Kitabu cha Mwanzo, pale Kaini, baada ya kumwua nduguye Abeli, anapokwenda kukaa katika nchi iliyo mashariki ya Edeni. Ndugu zetu Waislamu wa Nyamirambo na Biryogo huwaita wawili hao Kabili na Habili, na kisa chao kimo pia katika Sura ya al-Maida.

Steinbeck amekivika kisa hicho nguo za wakulima wa Marekani, akakirudia katika vizazi viwili. Kwanza ni Charles na Adam, wana wa Mzee Cyrus Trask. Kisha ni mapacha wa Adam, Caleb na Aron. Msomaji makini ataona kwamba majina yao yanaanza kwa herufi C na A, kama Kaini na Abeli yaandikwavyo kwa Kiingereza. Charles hata ana kovu katika paji la uso, kama alama aliyowekewa Kaini.

Mzee Cyrus atawavutia askari wanaosoma ukurasa huu. Alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akapoteza mguu katika pigano lake la kwanza kabisa. Lakini alisimulia mapigano mengi ambayo hakuyaona, hata akasadikiwa kuwa bingwa wa mambo ya vita. Siku ya kuzaliwa kwake, Charles alimnunulia kisu kizuri kwa fedha aliyoipata kwa kukata kuni. Adam alimpa mbwa mdogo aliyemwokota tu. Baba akampenda mbwa, kisu hakukijali. Baadaye Charles alimpiga nduguye nusura amwue.

Adam, aliyeonja uchungu huo, alipokuwa baba alilitenda kosa lilelile. Alipoteza mali katika biashara ya mboga, na Caleb akajitahidi kuirudisha kwa kuuza maharagwe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipomletea baba yake dola 15,000, Adam alizikataa, kwa kuwa zilikuwa faida iliyotokana na vita, akamtolea mfano wa nduguye Aron. Usiku ule Caleb alimchukua Aron akamwonyesha mama yao, ambaye waliambiwa amekufa, kumbe alikuwa mwenye danguro mjini humohumo. Aron alivunjika moyo, akajiandikisha jeshini, akauawa vitani.

Kijana Caleb alikuwa na hofu moja: kwamba uovu wa mama yake umo katika damu yake na hana la kufanya. Lee, mtumishi wa nyumba mwenye asili ya Kichina, alimkemea vikali. Alimwambia asitafute udhuru katika ukoo, kwa maana aliurithi wema pia, na atakalolitenda litakuwa lake mwenyewe.

Lee alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Riwaya inasimulia kwamba yeye na wazee wanne wa Kichina walijifunza Kiebrania miaka miwili ili kulielewa neno moja tu. Kabla ya mauaji, Mungu anamwonya Kaini kwamba dhambi inamvizia mlangoni, kisha anamwambia habari ya kuishinda. Tafsiri moja ya Kiingereza iliandika kwamba ataishinda, na hiyo ni ahadi. Nyingine iliandika aishinde, na hiyo ni amri. Biblia yetu ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka huohuo wa 1952, ilichagua tamko la wajibu, kwamba imempasa. Wazee wa Steinbeck waliona kwamba neno hilo, aliloliandika timshel, lina maana ya "waweza". Na mtu akiambiwa kwamba aweza, basi aweza pia kukataa. Mlango u wazi, na mwenye kuupita ni yeye.

Sisi wa Rwanda hatuna budi kulitafakari jambo hili, kwa kuwa hapa kwetu Kitabu hichohicho cha Mwanzo kilisomwa kinyume chake. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni waliotoka upande wa Ethiopia. Wamisionari na wakoloni wakaikuza hoja hiyo, wakamchukua Hamu, mwana wa Nuhu, wakamfanya babu wa Watutsi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila katika vitambulisho. Hakuna aliyejali kwamba katika sura ya tisa ya Mwanzo laana ya Nuhu haikumwangukia Hamu bali Kanaani, wala kwamba hapana aya hata moja inayoitaja nchi hii.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulichukua maiti, na watu zaidi ya milioni moja waliuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Hayo ndiyo matunda ya kumsoma mtu kwa damu yake.

Lakini mwaka uleule walikuwapo waliouona mlango. Mjini Gisenyi, Félicité Niyitegeka, ambaye mwenyewe hakuwa Mtutsi, aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa. Ndugu yake wa kiume alikuwa ofisa wa jeshi, akamtaka aondoke ili aokoe maisha yake. Alikataa kuwaacha wale watu, akauawa mwezi wa Aprili. Leo yumo katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Kaini alipoulizwa nduguye yuko wapi, alijitenga naye. Mwanamke huyu hakujitenga.

Mahakama za Gacaca, zilizofanya kazi kati ya mwaka 2002 na 2012, zilisikiliza mashauri yapatayo milioni mbili. Swali kubwa lililomkabili mshtakiwa halikuwa amezaliwa na nani, bali alitenda nini. Askari na polisi wanajua uzito wa swali hilo. Sare humpa mtu amri na mamlaka, lakini haimwondolei mlango wake.

Turudi nyumbani, ndugu wazazi. Leo mtoto wa aliyenusurika na mtoto wa aliyehukumiwa huketi dawati moja, na wote wawili walizaliwa baada ya mwaka 1994. Mama anapomkasirikia mwanawe na kumwambia "wewe ni kama baba yako", anamfungia mlango ambao Mungu alimwachia wazi hata Kaini. Na baba anapopokea zawadi ya mtoto mmoja kwa furaha na kuisukuma ya mwingine kando, awakumbuke Charles na Caleb.

Mwishoni mwa riwaya Adam yu kitandani, amepigwa na kiharusi, hawezi kusema. Lee anamsihi ambariki Caleb, asimwache aishi na hatia ya kifo cha nduguye. Mzee anakusanya nguvu zake na kumwachia mwanawe neno moja: timshel. Nasi tunaweza kuwaambia watoto wetu neno hilo mapema, tukiwa na afya na sauti: mwanangu, waweza.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.